Jezi ya Kipa Iliyoguswa na Sabuni

Kwenye ukuta wa uwanja wetu hapa Kamina, upande unaotazamana na shule, wameandika historia ya timu kwa rangi ya kijani. Herufi kubwa, kama tangazo la bia. Mstari wa kwanza unasema mwaka timu ilipozaliwa, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya reli. Wa pili, mwaka tulipopanda kucheza na wakubwa wa jimbo. Wa tatu, mwaka wachezaji walipoanza kulipwa mshahara, mpira ukawa kazi yao na si mchezo wa jioni baada ya kushusha magunia. Wa nne, siku tulipowapiga watu wa Lubumbashi mbili kwa bila hapa hapa nyumbani, askari wa Base, kambi ya jeshi, wakafyatua risasi hewani kwa furaha, na mbuzi wa jirani yangu akafa. Habari ya mbuzi hawakuiandika. Wa tano unasema: Fainali. Kipa wetu alituuza.

Nikiusoma huo mstari wa tano damu inanipanda, halafu inashuka yenyewe, maana nitamkasirikia nani? Maneno yale yalitoka kinywani mwangu kabla hayajafika ukutani. Kipa hakuuza kitu. Yuko hai, anatengeneza kinga, yaani baiskeli, pale njia inapokata reli, na ana binti mmoja tu, anayefundisha kwenye shule hiyo hiyo inayotazama ukuta. Binti hamsalimii. Miaka yote hii kipa alitaka kitu kimoja duniani: huyo binti aamini kwamba baba yake hakuuza timu. Wa kumwaminisha nilikuwa mimi, hakuna mwingine.

Basi nieleze. Na msinionee huruma, sikuja kuiomba.

Nilikuwa mfuaji wa jezi wa timu. Mume wangu alikuwa askari. Alinitoa kwetu Sanga, kwenye ziwa, akaniweka kwenye nyumba za Base, akanipa watoto wanne, kisha akapelekwa vitani mashariki, na hata barua hakuleta. Prezida wa timu, mwenye maduka ya vitambaa, alinipa kazi ya jezi. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha. Lakini timu ikisafiri kwa treni, mfuaji anasafiri nayo bure, na hapo ndipo kilipotoka chakula cha watoto wangu: nilibeba mawese kutoka Kamina, nikauza Lubumbashi, nikarudi na chumvi na nguo za kuuza. Prezida alikuwa amenikataza mbele ya watu.

"Mama, mizigo ya timu ni mizigo ya timu. Nikikuta bidon yako mule ndani, ile siku njo mwisho yako na sisi."

Nikajibu ndiyo prezida, na bidon yangu, dumu la mawese, nikaificha chini ya gunia la jezi.

Halafu kulikuwa na sheria ya sabuni. Timu yetu ilikuwa na munganga wake wa dawa za ushindi. Tulimwita docteur, ingawa hajawahi kushika sindano. Amri yake ilikuwa hii: timu ikianza kushinda, sabuni isiguse jezi mpaka siku itakaposhindwa. Maji matupu, basi, na kuzianika ndani ya nyumba yangu, mlango umefungwa. Sabuni inaondoa uchafu, alisema, na dawa nayo inaiondoa. Sasa mwaka ule tukashinda, tukashinda tena, mpaka nikakoma. Unaijua jezi ya beki iliyokaa mechi nane bila sabuni? Beberu angekimbia. Watoto wangu walilala barazani wakisema mama, humo ndani kuna maiti. Na jezi ya kipa ilikuwa na sheria kali zaidi, hata ardhi isiiguse. Niliibeba mimi mwenyewe, imefungwa kwenye kitenge changu.

Mnacheka? Chekeni. Prezida alisoma, kocha alisoma, wachezaji walikwenda misa kila Jumapili na kupokea komunyo, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuvunja amri ile. Mimi niliiamini nusu. Nusu nyingine niliifuata tu ili watoto wangu wale chakula.

Treni ya kwenda fainali ilikufa Kabondo-Dianda. Ilikufa tu, kama zinavyokufa, tukakaa pale siku nzima tukila samaki wakavu na kutukana injini. Mikono ilikuwa imenichoka kwa kushika kitenge kile, nikakisukuma ndani ya gunia pamoja na jezi nyingine. Nilipokuja kukitoa, yo! Kifuniko cha bidon kilikuwa kimelegea. Mawese yalikuwa yamepanda kwenye kitenge, yakaingia kwenye jezi ya kipa, kifuani kabisa, doa jekundu pana kama sahani.

Kama hujawahi kufua mawese hutanielewa. Maji matupu yanayacheka. Nilikwenda nyuma ya gare, kituo cha treni, penye bomba, nikanunua kipande cha sabuni kwa mama mmoja aliyeuza samaki, nikasugua huku nikitazama huku na huku kama mwizi. Doa likatoka. Jezi ikanukia vizuri, ndiyo shida yenyewe, katika timu nzima ilikuwa jezi moja tu inayonukia vizuri. Nikaisugua na samaki mkavu kidogo ili irudi kunuka. Ee, nilifanya hivyo, nafanyaje?

Fainali ilichezwa kwenye mvua. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi na ndoo yangu. Dakika za mwisho kabisa mtu wao alipiga shuti ambalo hata bibi yangu angelidaka, na mpira, umelowa, ukamteleza kipa wetu mikononi, ukapita katikati ya miguu, ukaingia taratibu, bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa. Moja kwa bila. Mpira wa maji unamteleza kila kipa. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo.

Lakini watu waliosafiri siku nne kwenye treni hawataki kusikia habari ya mvua. Kwenye korido, wachezaji wanalia, docteur aliwapanga ukutani, akaanza kunusa jezi moja moja. Alifika kwa kipa. Akanusa kifuani. Akanusa tena. Akainua kichwa.

"Sabuni," alisema.

Prezida akanigeukia mimi.

"Mama, weye njo ulifua hii maillot na sabuni?"

Kama ningesema ndiyo, angeuliza kwa nini. Kama ningesema kwa nini, angesikia bidon. Na bidon ilikuwa chakula cha watoto wanne. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Ulimi wangu ulitembea vizuri, ukijua unakokwenda.

"Yeye njo alinituma," nikasema, nikamnyooshea kipa kidole. "Alinipa sabuni mwenyewe. Alisema nifue, nisiambie muntu."

Basi, ilikuwa imekwisha. Mchezaji anayeomba jezi yake ifuliwe kwa sabuni kabla ya fainali, hapa kwetu, hahitaji hukumu. Amefungua mlango ili adui aingie, kwa hiyo amelipwa. Docteur akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatema mate chini. Kocha akampiga kofi. Beki wa kati, ambaye mke wake alikuwa amepika kwenye harusi ya kipa, akampiga ngumi ya mdomo. Kipa hakujitetea. Alinitazama mimi. Alikuwa kijana wa watu, mrefu, mpole, aliyenibebea ndoo kila safari bila kuombwa.

"Mama, weye unajua," alisema, damu ikimtoka kwenye meno.

Nikatazama ndoo yangu.

Wakati wa kurudi walimshusha Kabondo-Dianda. Hawakumshusha vizuri, walimsukuma, na sanduku lake likatupwa dirishani baada yake. Wengine waliimba. Nilikuwa dirishani, nilimwona akiokota mashati yake kwenye mawe ya reli. Alitembea kwa miguu akifuata reli mpaka Kamina. Alipofika, habari ilikuwa imefika kabla yake na mawe yalikuwa yameshaanguka juu ya bati la nyumba yake. Walimpa jina: Sabuni. Mpaka leo kuna watu hapa hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Binti yake, wakati huo ana miaka minane, aliitwa Mutoto wa Sabuni. Walimmwagia povu kichwani shuleni. Mama yake hakuvumilia. Akamchukua mtoto, akarudi naye kwao Mulongo, na huko alimlea akimwambia kwamba baba yako alituuza sisi pamoja na timu. Mama yule alikufa akisema hivyo hivyo.

Na mimi? Mimi niliendelea kusafiri. Miaka kumi mingine. Bidon moja ikawa tatu.

Tulikuwa tunakutana, mji huu si mkubwa. Alinisalimia kila mara. "Jambo, mama." "Jambo, baba." Hakuniuliza, hakunitukana, hata siku moja. Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana unamrudishia, mnamaliza, mnarudi nyumbani kula. Yeye alikuwa ananisalimia tu, na nilianza kumchukia kwa sababu ya salamu zile. Nilikuwa nazunguka njia ndefu kupita sokoni ili nisipite kwenye banda lake la kinga.

Halafu binti akarudi Kamina, mwalimu, ameajiriwa kwenye shule iliyo mbele ya uwanja. Kipa alikwenda kumsalimia siku ya kwanza, amevaa viatu. Binti akamwambia mbele ya walimu wengine, "Bwana, sikujui." Habari hiyo ilinifikia kabla ya jua kuzama. Huku kwetu habari mbaya haihitaji treni.

Ndipo komite ikaamua kuandika historia ukutani, kwa ajili ya sikukuu ya timu. Mchoraji alikuwa bado anapima ukuta na kamba wakati kipa alipokuja kwangu. Hakukaa. Nilimpa kiti, akakishika mgongo tu.

"Mama, sikuji kwa ajili ya ukuta," alisema. "Ukuta, baandike. Bameshaniandika kwa midomo yao. Ninakulomba kitu kimoja. Enda kwa mutoto yangu umwambie. Yeye peke yake. Minyi nikisema, haniamini. Weye atakuamini."

"Nitamwambia nini?"

"Unajua."

Nilimwambia nitakwenda. Akaniambia asante! Fikiria, mtu yule kuniambia mimi asante.

Sikwenda kwa binti. Nilimwogopa. Mwalimu, kijana, anaongea Kifaransa safi, mimi niende kumwambia nini, kwamba nilimharibia utoto kwa ajili ya bidon? Nikaona heri niende kwa prezida, ambaye ni mzee mwenzangu na mwizi mwenzangu. Nikajidanganya kwamba ukuta ukibadilika, binti atausoma kila asubuhi na kazi itakuwa imefanyika bila mimi kumtazama machoni.

Prezida alikuwa dukani kwake, miguu imevimba, ameiweka juu ya gunia la mchele. Nikamwambia yote. Bidon, bomba la Kabondo-Dianda, sabuni, kidole nilichonyoosha. Alinisikiliza, akanywa chai yake, akafuta mdomo.

"Mama, unafikiri unanifunza?" alisema. "Minyi nilijua ile siku ile ile. Ile maillot ilikuwa inanuka mawese na samaki. Kipa atapata wapi mawese?"

Akajimiminia chai nyingine.

"Timu yenye kushindwa, nani anaipenda?" aliendelea. "Timu yenye kuuzwa, bantu banailia. Mwaka wenye ulifuata bantu bote balituchangia, kutoka Base mpaka Bukama. Na weye, ulipoteza kazi? Niliulizaka bidon yako? Hata siku moja. Basi, nyamaza, tukule na amani."

"Lakini baba, ule muntu..."

"Ule muntu amezoea."

Akamwita mfanyakazi wake, akanitolea kitenge cha sikukuu, kijani, chenye mpira katikati. Nilikipokea. Ningeweza kusema nilikitupa njiani, nani angejua? Nilikipokea kwa mikono miwili na nikashukuru. Mchoraji alimaliza mstari wa tano Ijumaa.

Jumatatu yake ndipo nilipokwenda shuleni. Sikulala siku tatu. Ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wanapiga kelele uwanjani, na binti alikuwa amesimama mlangoni pa darasa na chaki mkononi. Urefu ule ule wa baba yake. Hata namna ya kuinamisha kichwa anapomsikiliza mtu mfupi.

"Bonjour, mama."

Nikamwambia. Sikuficha kitu, hata samaki niliyeisugulia jezi. Nilisema, "Mwanangu, baba yako hakunituma. Hakunipa sabuni. Ni minyi niliyesema uongo, na aliyeumia ni weye." Nililia. Wanafunzi wawili wakaja kuchungulia, akawafukuza kwa mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na mimi nikajisemea, ameamini, Mungu ni mkubwa.

Halafu akauliza swali moja, kwa sauti ya chini, ya mwalimu anayemuuliza mtoto aliyenakili.

"Mama, nani amekutuma kuja hapa? Ni yeye?"

Ningesema nini? Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimekuja kusema kweli, na kweli ilikuwa hiyo.

"Ndiyo," nikasema. "Amenituma."

Akacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nilijua," akasema. "Miaka ishirini amekosa la kufanya, sasa ananunua bibi wa watu aje kulia mbele ya darasa langu. Amekupa nini, mama? Hicho kitenge?" Nilikuwa nimekivaa, mjinga mimi, kilikuwa ndicho kipya pekee nilichokuwa nacho. "Mwambie asinitumie muntu tena. Mama yangu alikufa na ile haya. Yeye naye anaweza kusubiri."

Kengele ikalia. Aliingia darasani, akafunga mlango.

Kipa alikuwa ananisubiri kwenye banda lake. Alikuwa amefungua tairi la mtu, mikono myeusi kwa grisi, na aliponiona ninakuja aliacha kila kitu, akasimama. Mzee mzima, miaka hamsini na kitu, anasimama kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Yote?"

"Yote."

"Alisema nini?"

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Ilikuwa fupi. Niliitafuta mdomoni, ikanikataa, na nyingine ikatoka mahali pake, laini, bila kusukumwa.

"Alilia," nikasema. "Alisema atakuja kukuona Jumapili, baada ya misa."

Kipa akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso na mikono ile ya grisi. Nilifurahi! Aibu gani hii, lakini nilifurahi, nilirudi nyumbani mwepesi, nikala nikashiba.

Jumapili nilipita kwake, nikijiambia napita tu. Alikuwa amefagia mpaka barabarani. Amevaa shati jeupe, ameazima viti viwili kwa jirani, amechinja kuku wake wa mwisho wa mayai na kumpika mwenyewe, maana hana mke. Akaniita, "Mama, ingia, weye ni muntu wa kwanza wa kukula leo." Nikakaa. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. "Padri yule anahubiri sana," alisema. Nikasema ndiyo, anahubiri sana. Saa tisa alitoka kutazama njia, akarudi, akasema labda ana madaftari ya kusahihisha, walimu wana kazi nyingi.

Tulikula saa kumi, mimi na yeye. Alikula shingo. Mapaja na firigisi aliyaweka kwenye sahani, akaifunika kwa kitambaa safi, akanikabidhi.

"Mupelekee, mama," alisema. "Weye njo anakusikia."

Nilibeba sahani ile mpaka kwangu, na wajukuu wangu waliimaliza kabla sijavua viatu. Jumatatu nilimrudishia sahani safi, nikamwambia mtoto alikula yote.